Chambo Nilichomtegea Mama

Nakumbuka siku moja ya mwanzo wa kiangazi, mwanangu, niliyopata samaki wazuri kuliko siku nyingine yoyote ya ujana wangu, na kesho yake tu nikatamani ardhi ipasuke initie ndani.

Nitakusimulia. Lakini kwanza nikujibu ulichoniuliza, maana mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa habari. Umekuja hapa Itetemia na pikipiki yako, na kisanduku cha vyambo vya plastiki ulivyoagiza kwa simu, vya kila rangi, unataka mzee akuambie kipi ni cha perege na kipi ni cha kambare. Wenzako wawili walikuja wiki iliyopita kwa swali hilo hilo. Inanifurahisha. Nilidhani kazi hii ya kuvua kwa chambo cha kutengeneza itakufa na sisi.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Mihambo, fundi cherehani wa Kanyenye. Katika ujana wake alifanya kazi kwenye kambi ya wawindaji kando ya mto Ugalla, akishona mahema yaliyochanika na kufua nguo za wageni. Mgeni mmoja alikuwa na uvuvi ambao Mzee Mihambo hakuwahi kuuona. Hakutumia mnyoo wala panzi. Alifunga nyoya na uzi kwenye ndoano mpaka likafanana na mdudu, akalirusha juu ya maji kwa fimbo ndefu na mshipi mzito, nalo likatua taratibu kama nzi aliyechoka. Mzee Mihambo alitazama msimu mzima bila kuuliza, na yule mgeni alipoondoka akamwachia fimbo. Basi akarudi mjini, akaweka cherehani yake barazani, na tangu hapo uzi uliobaki kwenye mashati ya watu ukaishia kwenye ndoano. Vyote aliviita nzi, hata kile kilichofanana na chura.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, najifunza useremala kwenye karakana jirani na baraza yake. Nilianza kwa kumtazama wakati wa chakula cha mchana. Baadaye nikawa namletea manyoya ya jogoo, ya kanga, na nywele za mkia wa mbuzi, naye akanifundisha kufunga. Jumamosi mchana tulikwenda kwa baiskeli mpaka bwawa la Igombe.

Huko alikuwa na kanuni moja: usianze na kopo la chambo, anza na maji. Tulikaa kwanza. Alitazama nyasi za ukingoni, akatazama wadudu gani wanaruka, akachota maji kwa kiganja aone kama yana tope. Ndipo akafungua kopo lake la nzi.

Perege, aliniambia, ana mdomo mdogo na hana haraka. Anakula utando wa majani na vidudu visivyofika punje ya mchele. Basi nzi wake awe mdogo hivyo hivyo, wa kijani au wa rangi ya majivu, na umwachie azame mwenyewe. Ukimjia na dude kubwa linalometameta anaondoka zake kama mtu mwenye heshima aliyeitwa kwa mluzi. Lakini perege dume anayelinda kiota chake ni habari nyingine. Huyo hali kwa njaa, anauma kwa hasira. Mpitishie uzi mwekundu karibu na kiota, ataupiga.

Kambare macho yake hayamsaidii sana. Anapapasa kwa ndevu na kunusa. Rangi zako nzuri kwake ni kazi bure. Mfungie nywele nyeusi za mbuzi, nene kama kidole gumba, zipake maini ya kuku kidogo, uziburute chini kwenye tope polepole, kama chura mgonjwa. Akigusa usivute. Hesabu mpaka tano.

Na yule samaki wa meno wa Ugalla, mwenye mistari ubavuni, anataka kitu kinachomkimbia. Nyoya jeupe refu na uzi unaong'aa, vuta haraka, simama, vuta tena. Karibu na ndoano funga uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, la sivyo atakata mshipi kama wembe. Hicho chako kikubwa cha manjano ndicho cha huyo, ila kwenda kule siku hizi ni lazima uwe na kibali, usije ukafukuzwa. Na mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wakatoka, weka ujuzi wako wote kando. Samaki wote wanakula kumbikumbi.

Haya, umepata jibu lako. Ungeweza kuwasha pikipiki ukaenda. Lakini kaa kidogo, maana mimi nilipopata jibu hilo niliondoka mapema mno, na yaliyonipata ndiyo ninayotaka uyasikie.

Baada ya miaka miwili nilikuwa mvuvi kweli. Nilikuwa nikitazama maji kidogo tu na kujua nani yuko chini na anataka nini. Ujuzi huo ukanilevya, mwanangu. Nikaanza kuwatazama na watu hivyo hivyo. Bwana wa karakana alipenda kuambiwa kwamba hakuna fundi wa mninga kama yeye, nikamwambia, akaniachia nitoke mapema. Jirani alipenda kusifiwa kwaya yake, nikaisifu, akaniazima baiskeli. Nikajiona nimegundua siri ya dunia: kila mtu ana nzi wake, ni kumjua tu.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na jeraha. Mama yangu na kaka yake, Mjomba Mathayo, walikuwa hawasemeshani kwa miaka saba. Babu alipofariki, mama alikuwa ameolewa Urambo. Ilikuwa masika, barabara zimekatika. Alipofika Ntalikwa, kwenye mji wa wazazi wake, alikuta kaburi limekwisha kufunikwa na watu wanakula. Mama alisimama pale kaburini mbele ya wote akamwambia mjomba, "Umenizikia baba bila mimi. Kuanzia leo sina kaka." Mjomba akamjibu, "Na iwe hivyo." Basi. Maneno mawili matatu, na miaka saba ikapita juu yake. Hata baba yetu alipofariki nasi tukahamia hapa Itetemia, karibu kabisa na Ntalikwa, hawakusalimiana. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona.

Bibi Kalunde, mama yao, alikuwa akiishi kwa mjomba. Mjomba alikuwa mrina asali, na kila msimu aliingia porini majuma mengi. Mama alisubiri siku hizo ndipo akaenda kumwona mama yake. Akisikia mjomba amerudi, haendi. Mimi nilikwenda wakati wowote, kwa sababu ya bibi, na pia kwa sababu ya nta. Uzi wa kufungia nzi hupakwa nta ili usiteleze, na nta ya mjomba ilikuwa safi.

Mwaka ule bibi akaugua. Hakuwa na maumivu makubwa, alikuwa anapungua tu, siku hadi siku. Siku moja nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake akaniambia, "Elia, mimi sina ninachodai tena hapa duniani. Lakini nilizaa watoto wawili waliokua. Nataka niwaone wakila sahani moja. Hata mara moja."

Nikamwambia, "Bibi, niachie mimi."

Sikwenda kwa mzee yeyote kuomba ushauri. Sikumwambia hata Mzee Mihambo. Kuna usemi kwamba ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Mimi nilishika kopo la nzi.

Nilikwenda kwa mama kwanza. Nilimjua vizuri. Kilichomuuma ni kutongojwa. Nikamwambia, "Mama, mjomba ameniita. Amesema alikosea siku ile. Amesema kama siku zingerudi angekungoja, hata ingekuwa siku tatu."

Mama alikuwa anachambua karanga kwenye ungo. Mikono ikasimama. "Mathayo amesema hivyo?"

"Amesema hivyo. Lakini anaona aibu kuanza. Anataka mkutane kwa bibi, akwambie mwenyewe."

Aliendelea kuchambua, ila niliona anatupa karanga nzima pamoja na mbovu.

Kesho yake nikaenda kwa mjomba. Huyu kilichomuuma ni kudhalilishwa mbele ya watu. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba. Mama amenituma. Anasema maneno ya kaburini yalimtoka kwa uchungu. Anataka kuja kukuomba radhi mbele ya bibi."

Mjomba alinitazama muda mrefu. Alikuwa mtu mkimya, amezoea kukaa na nyuki. Akasema, "Aje Jumapili." Kisha akanipa nta bonge zima, kubwa kuliko siku zote, wala hakuniuliza ninaipeleka wapi.

Unaona jinsi ilivyokuwa rahisi. Wote wawili waliuma mara ya kwanza.

Jumamosi nilikwenda Igombe peke yangu, na hiyo ndiyo siku niliyoanza nayo. Nilikuwa nimepanga hata chakula. Mama alipenda perege, mjomba kambare. Nilifunga nzi wa majivu asubuhi, nikapata perege wanne wanene. Mchana maji yalipochafuka kwa ng'ombe waliokuja kunywa, nikafunga nywele za mbuzi, nikapata kambare mmoja mrefu kama mkono wangu. Nilirudi kwa baiskeli nikiimba. Nilijiona mimi ndiye ninayeijua familia yetu kuliko wote.

Jumapili baada ya ibada mama alifika Ntalikwa amevaa kitenge chake kizuri. Alimpikia bibi uji kwanza, kisha akapika samaki wa aina zote mbili na ugali. Bibi aliketishwa kwenye mkeka, ameegemezwa mito. Mjomba akaingia, akanawa, akakaa. Sahani ikawekwa katikati. Bibi mwenyewe akaomba dua, sauti yake ikitoka kwa shida, akamshukuru Mungu kwa siku ile.

Wote wawili walikuwa wakingoja. Mimi nilitazama samaki.

Mwishowe mjomba akasema kwa upole, "Haya, dada. Nakusikiliza."

Mama akainua uso. "Unanisikiliza mimi? Mimi ndiye niliyekuja kukusikiliza wewe."

"Kunisikiliza nini?"

"Uliyomtuma Elia."

"Mimi sikumtuma Elia kitu. Wewe ndiye uliyemtuma aniambie unakuja kuomba radhi."

Mama aliiweka mikono mapajani. "Mimi niombe radhi? Mimi niliyezikiwa baba?"

Wote wakanigeukia. Hapo, mwanangu, ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Na mimi nikasema, "Labda hamkunielewa vizuri." Yaani ndani ya uongo nikatafuta uongo mwingine mdogo wa kujifunika.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Mjomba alisimama, akamwambia mama, "Kumbe bado unanicheka," akatoka. Mama akafunga kitenge chake, akambusu bibi mkononi, akaondoka bila kunitazama. Jioni ile ile mjomba alifunga vyombo vyake vya kurinia, na alfajiri akaingia porini. Bibi alilala akageukia ukutani. Nilimwita mara mbili. Akasema, "Toa hao samaki, mjukuu wangu, harufu inanisumbua." Hawakuguswa, si perege wala kambare.

Siku mbili sikuweza kula. Siku ya tatu nikaenda Kanyenye kwa Mzee Mihambo, nikijifanya nimekwenda kutafuta uzi. Akanisalimu kwa Kinyamwezi kama kawaida yake, "Mwangaluka," nikaitikia. Akauliza, "Jumamosi ulipata?"

"Nilipata, mzee."

"Mbona uso wako unasema hukupata?"

Nikamweleza yote. Alikuwa anashona suruali ya sare ya mwanafunzi. Nilipofika kwenye maneno niliyomwambia mama, mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kopo lake, akatoa nzi mmoja wa majivu, akamweka kiganjani mwangu.

"Hiki ni nini?"

"Nzi."

"Tazama vizuri."

"Ni nyoya na uzi, mzee."

"Nani anajua kwamba ni nyoya na uzi?"

"Mimi na wewe."

"Samaki anajua lini?"

Nikasema, "Ndoano ikishaingia."

"Na baada ya hapo anakwenda wapi?"

"Kikaangoni."

"Mama yako ulitaka aende wapi, Elia?"

Mzee Mihambo hakuwa mtu wa kugomba. Alimchukua yule nzi akamrudisha koponi, akasema kwa sauti ya chini: "Nilikufundisha kumjua samaki kwa sababu tunataka kumla. Anayemjua mtu amjue ili amtunze. Ukichanganya mambo hayo mawili, bora nisingekufundisha."

Kisha akaniambia habari ya babu yake. Babu yake alikuwa mpagazi, katika Wanyamwezi wale waliobeba mizigo kutoka hapa Unyanyembe mpaka Pwani kwa miguu, miezi mingi. Mzigo, alisema, ulifika ulivyofungwa. Mpagazi hakuufungua njiani akatoa hiki akatia kile, hata kama aliona alichotia ni kizuri zaidi. Aliyefanya hivyo hakupewa mzigo tena. "Maneno ya watu ni mzigo. Ulipewa mzigo gani na mama yako?"

"Hakunipa wowote."

"Basi ungekwenda mikono mitupu. Si aibu." Akaanza tena kukanyaga cherehani. "Nenda kawaambie. Na unisikie vizuri: usifunge nyoya lingine juu ya hilo. Usiwaambie ulifanya kwa upendo, usiwaambie ulikuwa unamsaidia bibi. Waambie ulichofanya, unyamaze."

Nilikwenda kwa mama jioni ile. Nilipiga magoti nikamwambia, "Mama, nilisema uongo. Mjomba hakunituma. Yale maneno niliyatunga mimi." Nikanyamaza. Hicho kimya, mwanangu, kilikuwa kizito kuliko mbao yoyote niliyowahi kubeba.

Mama akasema, "Kwa hiyo hakusema chochote."

"Hakusema."

Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Siku zile chache kabla ya Jumapili," akasema, "nililala usingizi ambao sijalala kwa miaka saba. Nilidhani nimengojwa." Hakunipiga, hakunilaani. Aliniambia tu nimfuate mjomba wangu porini nikamwambie na yeye, kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Niliondoka alfajiri kwa baiskeli, nikisema moyoni kwamba bibi nitamwambia nikirudi na mjomba. Kambi ya mjomba ilikuwa mbali, ndani ya miombo. Nilifika mchana umesogea. Nilimkuta anachuja asali, moshi umetanda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikamwambia kama nilivyomwambia mama. Nilisema ni uongo wangu, mama hakunituma, nikanyamaza.

Alimaliza kuchuja kwanza. Akanawa. Akaketi kwenye gogo akaniuliza, "Na kweli mama yako huwa anasema nini juu yangu?"

Nikataka kutafuta neno zuri. Nakwambia kweli, ulimi ulishaanza kulifunga. Nikauzuia. Nikakumbuka jambo moja, dogo, ambalo hata sikuwahi kulifikiria. "Hasemi chochote, mjomba. Ila kila nikirudi kuchukua nta, ananiuliza kama bado unakohoa."

Mjomba akainamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka moshi ukaisha. Akasema, "Kila mara?"

"Kila mara."

"Nilimtuma mtu Urambo siku ile," akasema. "Jirani, na baiskeli. Sikungoja arudi aniambie kama alifika. Mvua ilikuwa kubwa, watu wananihimiza tuzike, nikazika. Baadaye nikasikia mto ulimzuia, akaona haya kuniambia. Nilipaswa kumweleza dada yangu. Alinitukana kabla sijafungua mdomo, nami nikaufunga kwa miaka saba."

Nikamuuliza, "Nimwambie hivyo?"

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza akacheka kidogo. "Hapana. Haya nitayabeba mwenyewe."

Tulilala kambini, asubuhi tukaanza safari. Jua lilikuwa limepita utosi tulipokaribia Ntalikwa. Tukakutana na mwanamke mmoja wa jirani njiani, akashuka kwenye baiskeli yake, akamshika mjomba mkono kwa mikono miwili. Hapo tukajua. Bibi Kalunde alikuwa amefariki jana yake jioni.

Tulipofika tukaona watu wamejaa uani na kaburi limechimbwa. Wazee walikuwa wamesimama pembeni wananong'ona, maana mazishi yalipangwa asubuhi na sasa ilikuwa alasiri. Mama alikuwa ameketi chini kando ya jeneza, amelishika. Baadaye waliniambia. Wazee walimwendea mara tatu. Mchungaji naye alimwendea. Wakamwambia hatujui Mathayo yuko pori gani, leo hawezi kufika. Kila mara alijibu neno moja tu: "Hatuziki mpaka kaka yangu afike."

Mjomba aliiangusha baiskeli, hakuiegemeza popote. Akaenda akaketi chini karibu na dada yake. Sikusikia walichosemezana, na sikuthubutu kusogea. Niliona tu mama akimpigapiga mgongoni, kwa sababu alikuwa anakohoa.

Tulimzika bibi kabla jua halijazama, wanawe wawili wakitupa udongo pamoja. Na jioni ile walikula sahani moja, maharage na ugali wa msibani.

Lakini bibi hakuwaona. Watu huwa wananiambia, Elia, si mwisho ulikuwa mwema? Ulikuwa mwema kwa waliobaki. Yule aliyeomba, aliyetaka mara moja tu, alikufa ameugeukia ukuta akiamini watoto wake wamechekana mbele ya sahani. Kama ningekwenda kwa mjomba siku ile ya kwanza nikamwambia jambo lile dogo la kikohozi, labda bibi angekula nao. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama alinisamehe, mjomba akanisamehe, Mzee Mihambo akanichukua tena Igombe baada ya miezi mitatu, bila kusema neno. Mimi mwenyewe nilichelewa zaidi kujisamehe, na sina hakika kama nimemaliza.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nami nitaisema wazi ili usije ukasema mzee alizunguka. Mjue samaki wako. Tazama maji kabla ya kufungua kisanduku. Perege mpe kidogo, kambare mpe cheusi cha polepole, wa meno mpe kinachokimbia. Hiyo ni halali, ni kitoweo cha watoto wako. Lakini ukitoka bwawani, acha chambo bwawani. Mke wako, ndugu zako, rafiki zako, usiwasome ili ujue wanauma nini. Siku hizi ni rahisi zaidi kuliko enzi zetu. Unaweza kumwandikia huyu neno tamu hili na yule neno tamu lile kwenye simu, bila hata kutazamana machoni, na kila mmoja akafurahi mpaka Jumapili. Uongo mtamu ni uongo ule ule, na anayeumia nao zaidi ni yule aliyeufurahia.

Ukitumwa neno, lifikishe lilivyo. Usipotumwa, usilitunge. Na ukitaka kupatanisha watu, usidharau neno dogo la kweli kwa kuwa halina rangi. Mtu aliyeulizwa kama bado anakohoa anaweza kutoka porini kwa ajili ya swali hilo tu.

Na ukishakosea, kwa maana utakosea, nenda mapema. Usingoje upate maneno mazuri. Piga magoti, sema ulichofanya, unyamaze.

Haya, jua linashuka na Igombe si karibu. Nenda salama. Mungu aubariki mkono wako upate kitoweo, aulinde ulimi wako usimnase mtu, na siku utakapochelewa mahali ambapo hupaswi kuchelewa, akujalie ndugu wa kusema, tumngoje.